Paka Mgeni Katika Kabati la Kioo

Vijana wa dukani wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, maana nimestaafu na, kwa maneno ya mmoja wao, "Bi Zuhura kumbukumbu bado anazo." Hilo "bado" nimelisikia. Basi naandika, miguu nimeiweka juu ya kigoda, na kila ukurasa nikiumaliza naurudia tena, kwa sababu dukani nilizoea kuhesabu kila kitu mara mbili na mkono haujui kwamba nimeshaacha kazi.

Ya vyeo na mishahara sitayaandika. Siku ya kwanza nilikuwa muuzaji na siku ya mwisho nilikuwa muuzaji. Anayetaka kujua nililipwaje akamwulize Bwana Said, mwenye duka, ambaye naye hapendi kuulizwa.

Kazi niliipata kwa sababu ya karatasi za kaboni. Wakati huo duka letu la Mji Mkongwe, lile la kwenye uchochoro unaotokea Darajani, lilikuwa likiuza taipureta, wino na makaratasi. Mwenyewe alikuwa Mzee Nassor, babake Bwana Said, Mungu amrehemu. Mimi nilitumwa na jirani yetu kumnunulia boksi la kaboni. Nikavutana bei na yule mzee tangu adhuhuri haijaadhiniwa mpaka watu wanarudi msikitini. Mwisho akaniachia kwa bei niliyoitaka, akalifunga boksi kwa kamba, akanitazama juu ya miwani.

"Binti, wewe mtoto wa nani?"

Nikamwambia.

"Kazi unayo?"

"Nnaitafuta."

"Kesho njoo ukae upande huu wa meza. Ukibaki upande huo, mie nafunga duka."

Nikaenda. Siku ile ya kwanza hakunifundisha kitu, alinipa kitambaa nifute vumbi. Nyinyi mnaofanya kazi huko mnalijua vumbi la Mji Mkongwe: si mchanga, ni chokaa ya kuta inayodondoka toka darini, nyeupe, laini, inaingia hata ndani ya boksi lililofungwa. Nikafuta asubuhi, mchana nikafuta tena, jioni vitu vikawa vyeupe kama vya asubuhi. Mzee akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nimejifunza kwamba hii kazi haiishi. "Basi ushafuzu," akasema, akaenda kunawa.

Alichonifundisha baadaye kilikuwa kidogo, lakini nimekitumia mpaka mwisho. Kwanza, mpe mteja kitu mkononi kisha unyamaze. Ukisema sana, anasikiliza maneno yako badala ya mkono wake. Pili lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kuliweka katika maneno, nililiona tu. Akiingia mtoto aliyetumwa, mzee alikuwa akipunguza bei mwenyewe, hata hajaulizwa. Nilimgombeza siku moja, nikamwambia tunapoteza.

"Huyu hajui kuvutana," akanijibu. "Mtu mzima nikimtajia bei ya juu, anacheka, ananitukania duka, tunaelewana. Mtoto nikimtajia bei ya juu, anatoa. Hapo nimeuza nini?"

Kompyuta zilipoingia, taipureta zilihamia ghala na hazikurudi. Mie kompyuta zenyewe sikuzipenda wala sikuzichukia. Nilichokipenda ni vile vitu vya pembeni, vya kuingizia mambo ndani yake: kibodi, mausi, kalamu za kuandikia kwenye kioo. Yaani pale mkono wa mtu unapokutana na mashine. Mausi za kwanza zilikuwa na kijipira chini, na chokaa ya Mji Mkongwe ilizipenda kuliko mie. Mteja anakuja amekasirika, mshale kwenye kioo hausogei, anadai tumemwuzia kitu kibovu. Nafungua, natoa kijipira, nakikwangua kwa ukucha, nakisafisha kwa pamba na spiriti, narudisha. Kazi ya kunywa maji. Droo yangu ilikuwa na bisibisi ndogo, brashi ya rangi iliyokatwa, pamba na kibano cha nyusi. Hicho kibano kilikuwa changu cha nyumbani, na hakijarudi nyumbani mpaka leo.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitawapa mbili. Hoteli moja ya Uroa, pwani kabisa, walikuwa wakiniletea kibodi zilizokufa kila baada ya muda mfupi. Nikapanda gari nikaenda kujionea. Nikakuta mapokezi yako wazi upande wa bahari, upepo wa chumvi unaingia moja kwa moja, na watalii wanakung'uta mchanga juu ya meza wakitafuta pasipoti. Nikawapelekea kibodi ya mpira, ya kukunja kama mswala, unaiosha kwa maji. Yule binti wa mapokezi aliichukia. Alisema anapoandika ni kama anakanda unga. Lakini haikufa. Akaizoea, na mkono wake ukawa na nguvu kweli, siku nyingine aliponishika mkono niliona.

Ya pili ni ya mzee mmoja wa Vuga, mwalimu mstaafu, aliyepata kiharusi. Mkono ulikuwa ukimtetemeka, mshale ukimrukaruka kwenye kioo kama nzi, naye alikuwa akiandika habari za ukoo wao kwa ajili ya wajukuu. Nikamjaribishia vitu vitano au sita. Mwisho nikampa mausi isiyosogea, yenye mpira mkubwa juu yake, unauzungusha kwa kiganja kizima. Nikanyamaza. Akazungusha. Mshale ukaenda taratibu mpaka pale alipoutaka, ukatulia. Yule mzee aliniangalia, kisha akaanza kuvutana bei kama kijana, nikajua amepona sehemu fulani.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba sikuwa mtu wa kuogopa vitu vipya. Kila kilichokuja nilikishika: glovu ya kuvaa, kalamu, kibodi ya mwanga inayoonekana juu ya meza tupu kama jini. Vya watoto navyo vilikuja, mausi zenye sura ya kobe na kibodi zenye herufi kubwa kama biskuti. Sikuona tabu. Mzazi alikuwa akija peke yake, anakigeuza, anavuta bei, anachukua, na mtoto anakiona akishafika nyumbani. Mpaka alipokuja Deo.

Deo ni kijana wa Bara, wakala wa kampuni moja ya Dar es Salaam inayoagiza vifaa. Msije mkadhani nitamsema vibaya. Alikuwa na adabu, akivua viatu mlangoni hata asipoambiwa, na "Shikamoo, Mama" yake ilikuwa ya kweli. Alikuja karibu na mwisho wa Ramadhani akiwa na paka ndani ya boksi.

Paka huyo alikuwa na ukubwa wa mkate wa boflo, manyoya ya bandia, laini sana. Ndiyo mausi yenyewe. Ukimpapasa mgongoni mshale unasogea, ukimbana sikio unabofya. Nikampapasa, nikanyamaza kama nilivyofundishwa, na nakiri kazi ya mkono ilikuwa nzuri. Mtoto asiyeweza kushika mausi angeweza kumtumia yule. Kisha nikaondoa mkono ili nimwulize Deo swali. Paka akalia. Akalia tena, halafu akasema kwa sauti ya kike, laini, ya Bara: "Mbona umeniacha?"

"Anaitwa Manyoya," Deo akasema, amefurahi.

"Na nikimwacha zaidi?"

"Analia zaidi, Mama."

Mpango wao ulikuwa wa sikukuu. Asiyekaa Unguja nimweleze: siku za Idi watoto wetu wanavishwa nguo mpya, wanapewa pesa zao mkononi, na jioni wanamiminika Mnazi Mmoja kwenye uwanja wa sikukuu. Ni siku pekee katika mwaka ambapo mtoto wa miaka mitano ana mfuko wenye kitu ndani yake na hakuna anayemwuliza. Deo alitaka meza pale. Mtoto atoe hela kidogo, ampapase Manyoya, acheze mchezo kwenye kioo, kisha apewe kadi ya rangi yenye picha ya paka na maneno: "Nakusubiri dukani." Kwa yule paka mzima, pesa ya sikukuu ya mtoto haitoshi. Hilo walilijua.

Tukakaa kikao watu watatu, mie, Deo na Bwana Said.

"Bwana Said," nikamwambia, "mtoto hajui kuvutana bei."

"Nani kakwambia anunue mtoto? Atanunua baba yake."

"Baba gani anavutana bei huku mtoto analia?"

Bwana Said akamtazama Deo, Deo akatazama chini, na wote wawili wakatabasamu. Nikaona kwamba nimewatajia mpango wao kwa maneno yangu mwenyewe. Duka lilikuwa na hali mbaya mwaka ule, watu wanaagiza kila kitu kwenye simu, na Bwana Said alikuwa na haki ya kuamua. Akaamua. Siku zote za sikukuu nikakaa Mnazi Mmoja nyuma ya meza, miguu imenivimba, nikisikia "Mbona umeniacha?" mpaka nikawa naisikia nikiwa natia udhu.

Sikukuu ilipokwisha, Deo alimweka Manyoya mmoja katika kabati letu la kioo linalotazama nje, chini, usawa wa macho ya mtoto, amewashwa. Nje ya kioo alikuwa akisikika vizuri tu.

Ndipo akaja Sabra.

Sabra ni mtoto wa Mwanaisha, fundi wa kushona nguo anayekaa nyuma ya duka letu. Ana miaka mitano. Alikuja siku ya kwanza akitoka chuo cha Kurani, mtandio umemwangukia mabegani na juzuu yake kwapani, akachutama mbele ya kioo. Nikadhani atakaa kidogo. Alikaa mpaka mama yake akaja kumwita. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Hakulia, hakuomba anunuliwe. Paka akisema "Mbona umeniacha?" yeye anaweka kiganja juu ya kioo na kusema, "Nipo."

Siku ya nne nikatoka nikachutama naye. Kuchutama kwangu si jambo dogo.

"Sabra, nini mwanangu?"

"Bi Zuhura, huyu mgeni."

"Nani kakwambia mgeni?"

"Hujamsikia anavyosema? Akiwashwa anasema, 'Mambo, rafiki!' Hajui hata kuamkia. Si wa hapa huyu." Akanisogelea ili paka asisikie. "Hana mtu. Na nyinyi usiku mnafunga duka mnakwenda zenu. Mgeni haachwi peke yake."

Mtoto huyu kalelewa kama tulivyolelewa sote: akija mgeni, mtu wa nyumba anakaa naye, hata kama ni kukaa kimya tu, hata kama una kazi zako. Wale waliomtengeneza Manyoya kwao huko walikuwa wanatafuta mtoto amtake. Huku kwetu wamepata mtoto anayejiona ana wajibu.

Nikajaribu njia za mtu mzima. Nikamzima paka, nikamwambia Sabra amelala. "Mbona macho yako wazi?" Nikamtoa kabatini, nikafungua zipu ya tumboni, nikamwonyesha betri mbili nene, nikamweleza kwamba ni kitu kama tochi. Akaziangalia kwa makini sana. "Ndiyo chakula chake?" akauliza. "Mnampa kila siku?"

Nikafunga zipu.

Baada ya siku chache akaja Mwanaisha mwenyewe. Lazima niwajulishe huyu mwanamke. Wauza vitambaa wa Darajani wakimwona kwa mbali wanajifanya wamo katika kusali. Amewahi kupunguziwa bei ya uzi mpaka muuzaji akamwuliza kama anataka apewe na duka. Akasimama mbele ya meza yangu, akauliza bei ya paka. Nikamtajia ile bei ya juu, ya kuanzia, ile ya kutukanwa.

"Haya," akasema.

Nikadhani hakunisikia. Nikamtajia tena.

"Nshasikia, Bi Zuhura. Niwekee mpaka Alhamisi."

"Mwanaisha, unaumwa?"

"Siumwi."

"Pesa hizo unazipata wapi?"

Akatazama nje. "Nnauza charahani. Kuna mtu wa Jang'ombe anakuja kuichukua Alhamisi asubuhi."

"Na wewe utashona kwa nini?"

"Kwa mkono. Kwani watu wa zamani walishona kwa nini?" Akajaribu kucheka, haikutoka. "Bi Zuhura, mtoto hali. Hali, wallahi. Nikimwekea chakula ananambia, na Manyoya kashakula? Usiku anaamka anataka tuje kumtazama. Nshamwambia, nshampiga, nshamlilia. Weye unataka nifanye nini?"

Nikamwambia nitamwekea. Alivyoondoka nikakaa nikiwaza kwamba katika miaka yangu yote pale sikuwahi kuona mauzo mepesi kama yale, na sikuwahi kujisikia mzito vile.

Mtaniuliza, si mngempa tu mtoto huyo paka? Hata Bwana Said, ambaye si mtu wa kugawa, alilisema hilo nilipomweleza. Naye ana binti wa umri ule. Nikampigia simu Deo nimwulize kama inawezekana. Nikamwuliza vilevile kama Manyoya ana maneno mengine zaidi ya yale tunayoyasikia.

"Yapo, Mama," akasema. "Akikaa na mtoto wiki moja hivi, anaanza kuwataja ndugu zake."

"Ndugu gani?"

"Wapo wengine. Wa kijivu, wa mabaka. Anasema amewakumbuka, anataka waje."

"Kwa hiyo ukimpa huyu, anaanza kuwalilia wengine."

"Ndivyo ilivyopangwa."

"Deo, wewe una mtoto?"

"Ninaye mmoja, Mama. Wa miaka sita."

"Ana Manyoya?"

"Anao watatu."

"Na anajifunza nini kwenye kompyuta?"

"Kompyuta haigusi," Deo akasema polepole. "Anawabembeleza wale."

Jumanne alikuwa Unguja kwa shughuli zake, nikamwita dukani. Nikamwambia ninachotaka: Manyoya wa kabatini aondoke, arudi Dar kwa boti ya Jumatano, na amchukue yeye mwenyewe kwa mkono wake.

"Mama, huyo wa kabatini ndiye anayeuza wengine."

"Najua."

"Sasa mimi napata nini?"

"Waliobaki nitawaweka juu, wamezimwa. Mzazi akija peke yake akauliza, nitamwonyesha, nitampa mkononi. Kitu chenyewe kizuri, kitauzika."

"Kidogo."

"Kidogo. Lakini utapata kupumzika na simu zangu."

Akacheka. Kisha akainama, akanyoosha kidole chini ya meza ya mbele. "Na zile, Mama? Mmeziweka pale kwa ajili ya wazee?"

Nikainama kutazama. Zilikuwa pipi, kwenye mitungi ya plastiki, usawa wa macho ya mtoto wa miaka minne. Zimekaa pale tangu enzi za Mzee Nassor. Nimezipanga mwenyewe kila asubuhi, na kila asubuhi nimezihesabu mara mbili. Nikamtazama Deo, Deo akanitazama. Nikaichukua mitungi, nikaipandisha rafu ya juu kabisa. Bwana Said aliporudi alinuna, na kwa kweli pipi zilianza kutoka kwa kuringa.

"Haya," Deo akasema. "Jumatano."

Nawaambia mapema ili msingojee ushindi: kabla mwezi haujaisha, duka jingine lisilo mbali na letu liliwachukua akina Manyoya, na kabati lao ni kubwa kuliko letu. Sasa kimekuja kitu kingine, hakina haja hata ya kupapaswa, kinamsikiliza mtoto anavyosema na kumjibu kwa jina lake. Mtaletewa. Mtapewa karatasi nzuri ya maelezo. Mie magoti yamekwisha, sitakuwapo. Nawaomba kitu kimoja tu: kabla hamjakiwasha mbele ya mtoto, jiulizeni atawezaje kukataa. Kama hamwoni njia, kiwekeni kifaa hicho juu, kimezimwa, mngojee mtu mzima.

Jumanne ile ile jioni nilikwenda kwa Mwanaisha. Sabra alikuwa amekaa mlangoni.

"Sabra," nikamwambia, "mgeni wetu kesho anasafiri."

Akasimama. "Anakwenda wapi?"

"Kwao."

"Nani anampeleka?"

"Mtu wa kwao amekuja kumchukua. Sasa mie nataka mtu wa kumsindikiza."

Akafikiri. Sitawadanganya, nilijua ninachofanya. Wale walimwambia mtoto uwongo mmoja, mie nikamwongezea wa pili, kwa sababu ukweli wa betri nilishaujaribu. Lakini wa kwao haukuwa na mwisho. Mgeni wetu huku anapokelewa, anakaa, na siku ya kuondoka anasindikizwa; ukishamsindikiza, hapana anayekudai.

"Ntamsindikiza mie," Sabra akasema. "Na mama."

Asubuhi nilifika dukani kabla ya wote. Nikamtoa Manyoya kabatini, nikafungua zipu, nikatoa betri zile mbili, nikazitia mfukoni. Sikutaka visa njiani. Nikamweka ndani ya boksi lake. Sabra akaja amevaa gauni la sikukuu, Mwanaisha nyuma yake hakulala, naona. Sabra alileta andazi moja ndani ya karatasi. Akaliweka ndani ya boksi, pembeni ya kichwa cha paka.

"La njiani," akasema.

Tukatembea mpaka bandarini, mtoto amelishika boksi upande mmoja na mie upande wa pili, kwa mwendo wake, ambao kwa bahati ni mwendo wangu. Deo alikuwa anatungojea getini na begi lake begani. Sabra akamwamkia. "Marahaba," Deo akajibu, akachutama, sikumwambia achutame.

"Utamweka wapi?" Sabra akamwuliza.

"Nani?"

"Manyoya. Kwenye boti. Hutamweka chini na mizigo?"

Deo akanitazama, mie nikatazama mawe. "Nitampakata," akasema.

"Safari nzima?"

"Safari nzima."

Sabra akalisukuma boksi mikononi mwake. Deo akasimama, akaaga, akageuka kuelekea getini, na boksi likasema, wazi kabisa, katikati ya wachukuzi na masanduku: "Mbona umeniacha?"

Nikashika mfuko. Betri zote mbili zilikuwamo, nikazihesabu tena kwa vidole. Kumbe mlikuwa na ya tatu, ndogo ya duara kama kifungo, imeshonewa huko kifuani, na mie niliyefungua kila kitu kilichowahi kuingia dukani mwetu sikuiona. Mwanaisha akafumba macho. Deo akasimama pale pale alipo, hajui arudi au aende.

Sabra alimfuata. Akajinyanyua kwa vidole vya miguu, akaweka kiganja juu ya boksi.

"Hatujakuacha," akamwambia. "Twakusindikiza. Wasalimie kwenu."

Akamwashiria Deo kwa mkono aende, kama wanavyofanya watu wazima mlangoni wanapoona maagano yamekuwa marefu. Deo akaenda. Boksi lililia tena mara moja ndani ya geti, na Sabra hakugeuka. Alikuwa analivuta buibui la mama yake.

"Mama, nna njaa."

Nje ya geti palikuwa na bibi mmoja anauza mihogo ya kuchoma. Mwanaisha akamwendea, akauliza bei, akatajiwa, akaweka mkono kiunoni.

"Muhogo huu?" akasema. "Au na jiko lake?"

Yule bibi akatupa upepeo chini, naye yu tayari. Sabra akakaa ukingoni kusubiri muhogo wake. Mie nikakaa karibu naye, magoti yananiuma, nikawasikiliza wanavyovutana.